Jina Lile Lile, Kioo Kingine: Habari ya Bakuli la Kuokea



Leo hatuandiki habari ya vitambaa. Tunaandika habari ya bakuli la kioo, lile unalotia makaroni au mkate wa mayai ukaliingiza kwenye oveni. Tuna deni la kuiandika, na deni lenyewe lilianza dukani kwetu.

Sisi ni washonaji. Tulipomaliza sekondari tulikwenda kusomea ushonaji, na duka letu tulilifungua kwa mapazia, mashuka na vishikio vya sufuria. Vyombo vilikuja baadaye, kwa sababu bibi harusi akishashonewa mapazia huulizia na vyombo, na mama yake hapendi kuzunguka maduka kumi. Kwa hiyo tukaanza kuweka sahani, birika na mabakuli ya kioo ya kuokea.

Ramadhani moja, baada ya Tarawehe, alikuja dukani mama mmoja wa mtaani kwetu. Mkononi ana mfuko mweusi. Akaufungua juu ya meza: vipande vya kioo vimegandana na makaroni na nyama. Alikuwa ameoka kwa ajili ya futari, watu kumi na mbili nyumbani. Akalitoa bakuli kwenye oveni, akaliweka pembeni ya karo ambako ndiyo kwanza ameosha gilasi. Likapiga mlio kama fataki. Dakika chache kabla ya adhana ya Magharibi, chakula chote kikatupwa, wakafuturu kwa tende na uji.

Akatwambia kwa upole, wala hakupandisha sauti: "Wanangu, si mlinambia hichi hakivunjiki?"

Kweli tulimwambia. Tukamrudishia pesa zake na tukamwomba radhi, lakini usiku ule usingizi haukuja vizuri. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na kipande kimoja kilimpita karibu na mguu. Neno "hakivunjiki" hatukulisoma kwenye boksi. Tulilisikia kwa anayetuuzia jumla, naye huenda alilisikia kwa mwingine, na sisi tukaliuza pamoja na bakuli. Mfanyabiashara ataulizwa aliyoyasema juu ya mali yake, na sisi tulisema jambo tusilolijua. Ndiyo tukaanza kusoma kioo hiki kimetoka wapi, na tuliyoyapata tunakuleteeni.

Kandili na tone la maji

Waliokulia kwenye nyumba ya kandili wataelewa upesi. Bibi alikuwa akitukataza kukishika kioo cha kandili kwa mkono wenye maji wakati taa inawaka. Tone moja tu likidondoka, kioo kinalia ta! na usiku huo mnakaa na kibatari.

Kioo cha kawaida, cha dirisha, cha chupa na cha gilasi ya maji, hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Kikipata joto hutanuka, kikipoa husinyaa, na joto halipiti ndani yake upesi kama linavyopita kwenye sufuria ya alumini. Basi pale lilipoanguka tone pamepoa na pamesinyaa, na pembeni yake bado pana moto na pametanuka.

Sisi washonaji tunalijua jambo hili kwa nguo. Shona gauni la pamba, litie bitana ya poliesta bila ya kuichovya pamba kwenye maji kwanza. Siku ya kufua pamba inarudi, bitana hairudi, na gauni zima linajikunja kwa kuvutana. Lakini nguo angalau hukunjika. Kioo hakiwezi kukunjika, kwa hiyo kikivutwa pande mbili hupasuka.

Tatizo hilo la kandili la bibi ndilo lililowasumbua watu wa reli wa Marekani miaka zaidi ya 100 iliyopita. Taa zao za ishara zilikuwa na mwali wa moto ndani, na nje kuna mvua na theluji. Kioo kikipasuka, taa inazimika au rangi yake inapotea, na dereva wa treni hajui asimame au aende. Hapo kioo kuvunjika ni roho za watu.

Mjerumani wa Jena

Dawa ya tatizo hilo ilianza kupatikana Ujerumani. Otto Schott alizaliwa mwaka 1851 katika mji wa Witten, kwenye familia iliyofanya kazi ya vioo vya madirisha, naye akasomea kemia. Mwaka 1884, pamoja na Ernst Abbe, Carl Zeiss na mtoto wake Zeiss, Roderich, alianzisha maabara ya kioo katika mji wa Jena. Wenzake hao walikuwa watu wa hadubini, na walitaka kioo safi kuliko kilichokuwapo sokoni.

Schott alifanya kazi kama mpishi anayejaribu viungo: kila mara anaongeza kitu kimoja kwenye mchanganyiko, anayeyusha, anaandika kilichotokea. Miongoni mwa viungo hivyo ilikuwa boroni, ile inayopatikana katika madini kama boraksi. Kioo kilichotiwa boroni kwa wingi kilitanuka kidogo sana kwenye joto. Kioo cha namna hii, kama kinavyotengenezwa mpaka leo, kina mchanga safi kiasi cha asilimia 80, na sehemu ya boroni kiasi cha asilimia 13. Hutanuka karibu theluthi moja tu ya kioo cha magadi na chokaa. Jina lake ni borosilikati.

Kioo cha Jena kikatumika kwenye vipimajoto, kwenye chupa za maabara na kwenye taa za gesi. Jikoni bado hakijaingia.

Mkate wa mayai wa Bi Bessie

Sasa turudi Marekani, kwenye mji mdogo wa Corning katika jimbo la New York. Kiwanda cha Corning Glass Works kilihamia hapo mwaka 1868 kutoka Brooklyn. Mwaka 1908 kikamwajiri mtaalamu wa kemia, Eugene Sullivan, aongoze maabara yake. Yeye na mwenzake William Taylor wakatengeneza kioo cha borosilikati cha taa za reli, wakakiita Nonex, yaani kioo kisichotanuka. Taa zikaacha kupasuka ovyo, na kioo hicho hicho kikatumika kutengeneza mitungi ya betri.

Mwaka 1913 akaajiriwa kijana wa fizikia, Jesse Littleton. Mke wake aliitwa Bessie. Bi Bessie alikuwa na bakuli la udongo la kuokea, nalo lilipasuka likiwa bado jipya. Akamwambia mumewe: nyinyi mnatengeneza kioo kisichoogopa moto huko kazini, hebu niletee na mimi. Mume akaleta nyumbani vitako vya mitungi ya betri vilivyokatwa kwa msumeno.

Bi Bessie akaoka keki ya mayai ndani yake. Nasi tulipofika hapo tulitabasamu, kwa sababu ni mkate wa mayai, ule ule tunaouoka sisi kwa futari na kwa wageni. Keki ikaiva sawasawa na kwa muda mfupi kuliko alivyozoea. Haikung'ang'ania. Rangi ya chini aliiona bila kuifunua. Chombo kilipooshwa hakikubaki na harufu. Akaendelea kupika na vyakula vingine, na mume akapeleka habari kazini.

Wataalamu wenye elimu zao walikuwa na kioo hicho mikononi kwa miaka, na waliona taa na betri tu. Aliyeona bakuli ni mwanamke aliyevunjikiwa na chombo chake. Tukamkumbuka yule mama na mfuko wake mweusi.

Kioo cha Nonex kilikuwa na madini ya risasi, ambayo hayafai kwa chakula. Kwa hiyo Sullivan na Taylor wakatengeneza mchanganyiko mwingine usio na risasi. Mwaka 1915 vyombo vikatoka sokoni kwa jina la Pyrex, na duka la Jordan Marsh la Boston lilikuwa la kwanza kuviuza. Kufika mwaka 1919 vilikuwa vimeshauzwa vipande zaidi ya milioni 4.

Mwanamke mwingine wa kutajwa ni Lucy Maltby, mwalimu wa mapishi na mambo ya nyumbani. Aliwaendea watu wa kiwanda akawaeleza kasoro za vyombo vyao, nao mwaka 1929 wakamwajiri. Akaanzisha jiko la majaribio, akawafanya wahandisi wasikilize mambo madogo ambayo mpishi huyajua: masikio ya bakuli yawe makubwa ya kushikika na kitambaa kinene, na vyombo viwe na kipimo cha kuingia vizuri kwenye oveni za watu. Tunaoshona vishikio tunajua thamani ya sikio la bakuli. Likiwa dogo, kitambaa kinateleza, na chakula kinaishia miguuni.

Jina likabaki, kioo kikabadilika

Hapa ndipo tulipopata jibu la usiku ule.

Kuanzia miaka ya 1940 kiwanda hicho hicho kilianza kutengeneza baadhi ya vyombo vyake kwa kioo cha magadi na chokaa kilichokazwa. Humo mna yale mabakuli manne maarufu yanayoingiliana, la njano, la kijani, jekundu na la buluu. Kukaza kioo ni hivi: chombo kikiwa bado na moto mkali, hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Ngozi ya nje huganda kwanza, ndani hupoa baadaye na kuivuta ngozi ile, nje ikabaki imebanwa. Kioo kilichobanwa hivyo huwa kigumu kukivunja, na kikianguka kina nafuu kuliko kisichokazwa. Tena ni rahisi zaidi kutengeneza.

Mwaka 1998 kampuni ya Corning iliuza biashara yake ya vyombo vya nyumbani. Huko Marekani bakuli la kuokea lenye jina lile likawa la magadi na chokaa yaliyokazwa, na Ulaya, ambako Ufaransa ndiyo inayotengeneza, likaendelea kuwa la borosilikati. Jina moja, vioo viwili.

Je, kipi bora? Tuseme haki. Cha kukazwa kina nguvu ya kuhimili kugongwa, na jikoni vyombo vingi hufa kwa kugongwa na kuanguka. Cha borosilikati kina nguvu ya kuhimili joto na baridi vikikutana ghafla. Mwaka 2011 jarida la Consumer Reports la Marekani liliandika majaribio yake: walijaza mabakuli mchanga mkavu, wakayapasha kwenye oveni kwa moto mkali, kisha wakayaweka juu ya jiwe lililolowa maji. Ya magadi na chokaa yalipasuka. Ya borosilikati kutoka Ulaya yalistahimili joto lile, lakini moto ulipoongezwa zaidi, nayo mengi yakapasuka.

Jiwe lililolowa maji, dada zetu. Ndilo karo la yule mama. Tulivitazama tena vipande vyake: hakuna neno lolote la aina ya kioo, na ukingo ulikuwa na rangi ya kijani kijani. Tukafahamu kwamba hata kama lingekuwa bakuli bora kuliko yote, neno letu "hakivunjiki" lingekuwa bado ni uongo.

Kioo cha juu ya moto

Wengine hutuuliza: mbona kuna sufuria za kioo zinazowekwa juu ya jiko kabisa? Ni kweli zipo, na hicho ni kioo cha tatu. Mwaka 1953 Donald Stookey, mtaalamu wa Corning, aliweka kipande cha kioo kwenye tanuri akitaka kukipasha mpaka nyuzi 600 za Selsiasi. Tanuri ikaharibika, joto likapanda mpaka 900. Alitarajia kukuta kimeyeyuka, akakikuta kimekuwa cheupe na kigumu. Akakitoa, kikamponyoka, kikaanguka chini, wala hakikuvunjika. Ndani yake kioo kilikuwa kimegeuka chembe chembe ndogo zilizoshikana, karibu na kauri. Mwaka 1958 vikatoka vyombo vyeupe vya CorningWare vyenye maua ya buluu. Baadaye zikaja sufuria za Visions, zile za rangi ya asali unazoona mchuzi ukichemka ndani.

Vyombo hivyo ndivyo vinavyovumilia moto wa chini. Bakuli la kuokea, liwe la borosilikati au la kukazwa, ni la oveni. Ukiliweka juu ya gesi au seredani, moto unapiga sehemu moja tu, na ni tone la kandili kwa upande wa pili.

Tunachaguaje?

Kwa macho tu kioo kinadanganya. Katika Suratun Naml tunasoma kwamba Malkia wa Sabaa aliiona sakafu ya kioo akadhani ni maji. Nasi tusijione wajanja kwa kutazama na kugonga kwa ukucha. Hivi ndivyo tunavyofanya dukani siku hizi.

Kwanza, tunageuza bakuli na kusoma kitako, kisha tunasoma boksi. Tunatafuta neno borosilicate. Likiandikwa tempered, basi ni kioo kilichokazwa. Kikiwa kimya kabisa, tunakihesabu kuwa cha kawaida, na tunakiuza kwa ajili ya saladi na matunda.

Pili, tunatafuta alama zinazosema kinaingia wapi: oveni, maikrowevu au friza. Picha ya mwali wa moto peke yake haitoshi, kwani ndiyo iliyotuponza sisi. Na kifuniko kina hukumu yake mbali, maana vingi ni vya plastiki.

Tatu, tunatazama ukingo kwenye mwanga. Kijani kijani mara nyingi ni magadi na chokaa. Hiyo ni dalili ya kusaidia, lakini maandishi yana nguvu zaidi.

Nne, tunapitisha kidole taratibu kuzunguka ukingo. Mkwaruzo au kipande kilichobanduka ndipo ufa unapoanzia. Kwa sababu hiyo usilisugue bakuli kwa steeliwaya, na likishapasuka kidogo usilionee huruma, liache lipange vitunguu.

Tano, tazama masikio. Jaribu kulishika ukiwa na kitambaa kinene mikononi, kama Bi Lucy alivyotaka.

Na ukishafika nyumbani: washa oveni kwanza ipate moto, ndipo utie bakuli. Usilitoe kwenye friza ukalitia kwenye moto. Liache lipoe ubaridi juu ya meza. Nyama ikikauka ndani, usimiminie maji baridi, tia ya moto tena kidogo kidogo. Ukilitoa, liweke juu ya kitambaa kikavu kilichokunjwa au ubao, liwe mbali na karo, na wala usilifute kwa kitambaa kibichi mpaka lipoe. Watoto wasiwepo karibu unapolitoa. Na moto upunguze kidogo kuliko wa sinia la bati linalong'aa, kwani kioo hupokea joto la oveni, na bati hulirudisha. Ndiyo maana keki ya Bi Bessie iliiva upesi.

Israfu si kununua chombo cha bei tu. Hata bakuli rahisi likipasuka na chakula cha watu kumi na mbili, bei yake imeshapanda.

Yule mama alirudi dukani kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu. Tukamwonyesha mabakuli mawili, tukamweleza kila moja: hili linahimili joto zaidi, hili linahimili kugongwa zaidi, na yote mawili yanavunjika. Akacheka. Akasema miaka yote hii ndiyo mara ya kwanza muuzaji kumwambia kuwa mali yake inavunjika. Akachukua lile la borosilikati, na sisi tukamtilia ndani kitambaa kinene tulichomshonea wenyewe, cha kuliweka juu yake likitoka kwenye oveni.

Sasa kila bakuli linalotoka dukani kwetu linaondoka na kitambaa chake. Na tukiulizwa jambo tusilolijua kuhusu chombo, tunajibu hatujui, subiri tusome. Wateja wawili watatu wamekwenda kununua kwingine kwa jibu hilo. Wengine wamerudi.

Mwenyezi Mungu azibariki jiko zenu na mikono yenu. Usiku wa leo, kabla hujalala, geuza bakuli lako ulisome kitako.

Wassalaam alaykum.